Mabadiliko ya tabianchi kwa asiye mwanasayansi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Dodoma

Mbukwenyi, karibuni. Mimi si mwanasayansi, ni mhasibu mstaafu. Darasa letu la Jumamosi lilianza na watu wanne waliochoka kusikia neno "tabianchi" redioni kila siku bila mtu kulifafanua. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila mgeni anapoingia. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili kwa sababu hayadai zaidi, na mengine nimeyanyoosha kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukwama, na mimi nilikwama hapohapo.

Fizikia nilipata F kidato cha nne. Nitaelewa kweli?

Utaelewa. Unachohitaji ni kujumlisha na kutoa. Msingi wa sayansi hii ni daftari la mapato na matumizi: kuna joto linaloingia duniani kutoka kwenye jua, na kuna joto linalotoka kwenda zake angani. Yakilingana, mambo yametulia. Yanayoingia yakizidi yanayotoka, salio linapanda, na kwa kuwa fedha ya daftari hili ni joto, dunia inapata joto. Mengine yote ni kuuliza nani amebadilisha tarakimu, lini, na kwa kiasi gani.

Hali ya hewa na tabianchi si kitu kilekile?

Kiswahili chetu cha mitaani kinaviweka chungu kimoja, na hata watangazaji husema "mabadiliko ya hali ya hewa" wakimaanisha tabianchi. Lakini tofauti ipo. Hali ya hewa ni mambo ya leo na wiki hii: upepo, mawingu, mvua iliyokukuta sokoni Majengo bila mwavuli. Tabianchi ni tabia ya mahali kwa miaka mingi, na kwa desturi wataalamu huhesabu miaka 30. Kipindi cha kulinganishia kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020.

Bibi yangu wa Mvumi hakulijua neno tabianchi, ila aliijua tabianchi yenyewe. Alipanda uwele kwenye kichanga na mtama kwenye udongo mzito wa mbuga, na hakukubali ghala liishe kabla ya mavuno mapya kuonekana kwa macho. Hayo yalikuwa maamuzi ya mtu anayejua kwamba Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi, na kwamba mwaka mmoja kati ya michache utamsaliti. Siku ya kwenda shamba aliiamua kwa kuangalia mawingu. Mawingu yalikuwa hali ya hewa. Ghala lilikuwa tabianchi.

Hewa inanasaje joto? Hewa si kitu chepesi?

Hili ndilo swali lenyewe, kwa hiyo vumilia kidogo.

Anza na unachokijua. Usiku wa Juni hapa Dodoma, mbingu ikiwa safi na nyota zimejaa, baridi inakuingia mpaka mifupani. Usiku mwingine wa mwezi huohuo mawingu yakitanda, unalala na shuka moja. Mawingu hayajaleta joto lolote kutoka popote, yamezuia tu joto la ardhi lisikimbie.

Sasa nenda kasimame karibu na ukuta wa matofali uliopigwa na jua kutwa, saa mbili usiku. Weka kiganja karibu bila kuugusa. Lile joto unalolihisi linasafiri kwa mionzi isiyoonekana kwa macho, inaitwa infraredi. Ardhi yote, bahari yote na paa la kila tembe hutoa mionzi hiyo usiku na mchana. Huo ndio upande wa matumizi kwenye daftari letu.

Mwanga wa jua unapoingia, hewa haiuzuii sana. Mionzi ya infraredi inapojaribu kutoka, inakutana na gesi chache zinazoinasa: mvuke wa maji, hewa ukaa (wengine huiita kaboni dayoksaidi), methani na nyingine kadhaa. Zinaipokea, kisha zinaitoa tena pande zote, nyingine ikirudi chini tulipo. Gesi hizo tunaziita gesijoto. Zisingekuwepo kabisa, wastani wa joto la dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa sababu zipo, ni takriban nyuzi 15. Kwa hiyo mtu akikwambia hewa ukaa ni sumu tupu, msahihishe kwa upole. Tatizo ni kuiongeza.

Mfano wa kitalu nyumba cha nyanya unaopendwa sana mashuleni una kasoro. Kitalu kinapata joto hasa kwa kuzuia hewa yenye moto isipande na kuondoka, na anga haifanyi hivyo. Nasi hatufanyi lile jaribio la chupa mbili na kipimajoto linalozunguka mitandaoni, kwa sababu mara nyingi kinachopimwa pale ni uzito wa gesi na mzunguko wake ndani ya chupa, wala si mionzi. Ukuta wa matofali unafundisha vizuri zaidi, tena bure.

Nasikia haya mambo wazungu wameyabuni juzi tu.

Mwaka 1856 mwanamke wa Marekani, Eunice Foote, aliweka gesi mbalimbali kwenye mirija ya kioo juani akaona ile yenye hewa ukaa inapata joto zaidi. Mwaka 1859 John Tyndall akaanza kupima maabara jinsi gesi zinavyonasa mionzi ya joto. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden akakokotoa kwa kalamu na karatasi dunia ingepata joto kiasi gani kama hewa ukaa ingeongezeka maradufu. Mwaka huo reli ya kati haikuwa imefika Dodoma, wala haikuwa imeanza kujengwa.

Hewa ukaa ni asilimia 0.04 tu ya hewa yote. Kidogo hivyo kinaweza nini?

Naitro­jeni ni asilimia 78 na oksijeni 21, lakini kwa kazi hii hizo mbili ni watazamaji. Molekuli zake zina atomu mbili zinazofanana, na mionzi ya joto inazipita bila kuzigusa. Molekuli ya hewa ukaa ina atomu tatu, inajikunja na kutikisika kwa namna inayolingana na mionzi hiyo, ndiyo maana inainasa.

Chemsha lita moja ya maji safi, mimina kwenye glasi, angalia taa kupitia humo. Sasa tia kijiko kimoja cha majani ya chai. Maji ni yaleyale, uzito umebadilika kidogo mno, lakini mwanga haupiti tena kama mwanzo. Kinachohesabika ni kile kinachozuia.

Kabla ya viwanda, katika kila molekuli milioni moja za hewa, karibu 280 zilikuwa hewa ukaa. Charles Keeling alipoanza kupima mfululizo mlimani Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, alikuta kama 315. Sasa zimevuka 420. Yaani kijiko na nusu mahali pa kijiko kimoja.

Tunajuaje ni binadamu? Labda ni jua, au volkano.

Hapa mhasibu anajisikia nyumbani, kwa sababu ni kazi ya ukaguzi: unamfuata kila mtuhumiwa na risiti zake.

Jua kwanza. Satelaiti zimelipima tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Linapanda na kushuka kwa mzunguko wa kama miaka 11, lakini halina mwelekeo wa kuongezeka unaoweza kueleza joto lililoongezeka. Halafu kuna alama ya kidole. Jua lingekuwa ndilo mkosaji, anga yote ingepata joto, chini na juu. Kama ni hewa ukaa, tabaka la chini linapata joto na tabaka la juu, la stratosfia, linapoa. Syukuro Manabe na mwenzake walilikokotoa hilo mwaka 1967, kabla ya kuwepo vipimo vya kutosha. Vipimo vilipopatikana vikaonyesha hivyohivyo: chini joto, juu baridi. Manabe alipata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2021.

Volkano nazo hutoa hewa ukaa, lakini kwa mwaka haifiki asilimia 1 ya ile tunayotoa sisi kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, ambayo ni zaidi ya tani bilioni 35.

Risiti ya mwisho ndiyo niipendayo. Kaboni ina aina, na moja wapo, kaboni 14, huoza polepole mpaka ikaisha. Mafuta na makaa ya mawe yamekaa ardhini mamilioni ya miaka, kwa hiyo hayana kaboni 14 hata chembe. Tukiyachoma, kaboni ya hewani inapaswa "kuzimuliwa", kama maziwa yaliyotiwa maji. Wataalamu wameipima, na wamekuta imezimuliwa. Tena oksijeni inapungua kidogo hewani, kama inavyotarajiwa kitu kinapoungua. Mizania imefunga.

Kama nusu ya hewa ukaa tunayotoa inabaki hewani. Nusu nyingine hunywewa na bahari, misitu na udongo, na bahari inailipia kwa kuwa na asidi zaidi.

Nyuzi moja na nusu ndiyo kelele yote hii? Dodoma asubuhi ya Julai ni 14, mchana ni 27.

Mzee mmoja aliuliza hivi, darasa likacheka, lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi.

Joto la sehemu moja hucheza sana kati ya asubuhi na mchana. Wastani wa dunia nzima, bahari na nchi kavu, usiku na mchana, kaskazini na kusini, ni kitu kizito kusogea. Miaka 20,000 iliyopita, barafu nene ilipofunika karibu Kanada yote na kaskazini ya Ulaya, wastani huo ulikuwa chini ya ule wa kabla ya viwanda kwa nyuzi 5 au 6 tu. Kwa hiyo nyuzi moja si kitu kidogo. Muongo wa 2011 hadi 2020 ulikuwa na joto la nyuzi 1.1 juu ya wastani wa 1850 hadi 1900. Mwaka 2024, uliokuwa wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze, ulifika karibu 1.55. Ule mpaka wa 1.5 wa Mkataba wa Paris, ambao nchi zilikubaliana kujitahidi kutouvuka, unahesabiwa kwa wastani wa miaka mingi, kwa hiyo mwaka mmoja kuuvuka ni onyo, hukumu bado. Na karibu asilimia 90 ya joto la ziada limeingia baharini, tusikoliona.

Jambo lingine ni siku za pembeni. Mwalimu akimwongezea kila mwanafunzi alama 5, wastani wa darasa unapanda kidogo. Lakini nenda kahesabu waliopita 90: walikuwa wawili, sasa ni watano au sita. Joto kali linafanya vivyo hivyo. Wastani ukisogea kidogo, siku zilizokuwa adimu zinakuwa za kawaida.

Ukame si jambo geni Ugogo. Kwa nini sasa ndiyo mabadiliko ya tabianchi?

Kweli, si geni, na anayesema Dodoma ilikuwa na neema kila mwaka mpaka wazungu walipojenga viwanda anajidanganya. Wazee wa Kigogo waliipa jina Mtunya njaa ya 1917 hadi 1920. Mvua ilikosekana, lakini pia majeshi ya Vita vya Kwanza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame peke yake haukuua watu wale.

Na kuna Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta kulima karanga kwa kiwango kikubwa, bila kuijua vizuri mvua ya eneo wala udongo wake unaogeuka kama saruji ukikauka. Mwaka 1951 mpango ulizikwa. Hapo tabianchi haikuwa imebadilika. Iliyokosekana ni kuisoma. Wagogo waliokuwa wakiishi pale wangewaambia.

Halafu si kila korongo ni la tabianchi. Milima ya Kondoa Irangi iliharibiwa na mmomonyoko uliotokana na kufyeka na kulisha mifugo kupita kiasi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, mwaka 1979 mifugo ikaondolewa eneo lililoharibika, na uoto ukarudi. Ukitaka kuelewa sayansi hii, jizoeze kutenganisha makosa: hili ni la jembe, hili ni la anga, hili ni la yote mawili. Tabianchi inapobadilika haileti ukame wa kwanza katika historia. Inaongeza joto juu ya ukame uleule, udongo unakauka haraka zaidi, na mahindi ambayo yangestahimili wiki mbili bila mvua yanakata tamaa siku ya kumi.

Basi mvua ya Dodoma inapungua au inaongezeka?

Kuhusu joto, jibu ni la uhakika: linapanda. Kuhusu jumla ya mvua ya mwaka katika ukanda wetu, modeli za kompyuta hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe, na atakayekupa tarakimu moja bila wasiwasi mwogope. Zinakokubaliana ni kwamba mvua kubwa za mara moja zitazidi. Sababu yake ni rahisi: kila nyuzi moja ya joto, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Ikija kuumwaga, inaumwaga. Hewa hiyohiyo yenye kiu ndiyo inayonyonya maji ya udongo wakati wa jua. Ndiyo maana mafuriko na ukame vinaweza kuzidi pamoja, tena mahali pamoja.

Watu wa Mpwapwa wanajua. Mafuriko ya mwanzoni mwa 2010 yalibomoa reli ya kati upande wa Gulwe na Kilosa, na haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Ila tena, milima iliyo juu ya reli ile imevuliwa miti. Jembe na anga, yote mawili.

El Niño ndiyo mabadiliko ya tabianchi?

Hapana. El Niño ni joto la maji ya Bahari ya Pasifiki linalokuja na kuondoka kila baada ya miaka michache, na limekuwepo tangu kale. Huku kwetu huja na mvua nyingi, hasa Bahari ya Hindi upande wetu nayo ikiwa na joto, kama 1997/98 na mwishoni mwa 2023. Mabadiliko ya tabianchi ni sakafu inayopanda. El Niño ni mtu anayerukaruka juu ya sakafu hiyo.

Kama mvua kubwa ni mbaya, mbona visima vya Makutupora vinazipenda?

Nimefurahi umeuliza, maana hii ndiyo hadithi ya kisayansi yenye asili ya hapahapa, na wakazi wengi wa jiji hawaijui ingawa wanainywa.

Maji ya bombani Dodoma kwa sehemu kubwa yametoka kwenye visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Kina cha maji chini ya ardhi pale kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na rekodi ndefu namna hiyo ni adimu katika Afrika yote. Watafiti walipoichambua waliona kwamba katika misimu ya kawaida maji ya chini yanashuka tu, taratibu, mwaka hadi mwaka. Yanapanda kwa ghafla katika misimu michache ya mvua nzito, mara nyingi ile ya El Niño, na mruko mkubwa ulikuwa wa 1997/98. Mvua ya rasharasha inaishia kwenye nyasi na kurudi hewani. Mvua nzito ndiyo inayojaza vitanda vya mito ya mchanga na kuzama chini.

Kwa hiyo msimu unaoharibu barabara na kuozesha karanga ndio unaojaza akiba ya jiji. Mimi hilo lilinifunza kutokubali sentensi za "mabadiliko ya tabianchi ni mabaya kwa kila kitu". Swali la maana ni nani anapata, nani anapoteza, na kama mji unaokua kwa kasi hii unachota kuliko misimu hiyo michache inavyoweza kurudisha.

Ng'ombe wetu nao wanalaumiwa?

Wanatajwa, ndiyo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hutengeneza methani tumboni wanapomeng'enya nyasi, na hutoka mdomoni wanapocheua (si huko mnakocheka). Tani moja ya methani hupasha dunia kama mara 28 ya tani moja ya hewa ukaa ukihesabu kwa miaka 100. Lakini methani hukaa hewani kama miaka 12 tu, wakati sehemu ya hewa ukaa hubaki kwa mamia ya miaka na zaidi. Tena kaboni ya ng'ombe ilitoka kwenye nyasi zilizoinyonya hewani msimu uliopita, ila ya dizeli ilikuwa imezikwa.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, kwa hiyo si jambo la kupuuza. Ng'ombe wachache wenye malisho mazuri hutoa methani kidogo kwa kila lita ya maziwa kuliko wengi waliokonda. Mfugaji anaweza kulikubali hilo kwa sababu zake mwenyewe bila kutajiwa neno tabianchi.

Tundu la ozoni ndilo linaloingiza joto?

Hapana. Ni matatizo mawili tofauti. Ozoni hutukinga na mionzi ya jua inayounguza ngozi, iliharibiwa na gesi za majokofu na vipulizi vya zamani, na baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987 tabaka hilo linapona.

Kila Julai napokea ujumbe wa WhatsApp kwamba dunia imeenda mbali na jua, tutaugua.

Nami naupokea, kutoka kwa mjomba yuleyule. Ni kweli kwamba mapema Julai kila mwaka dunia huwa mbali kidogo na jua, kilomita milioni 152 badala ya 147 za Januari. Tofauti ni kama asilimia 3, na hutokea kila mwaka tangu kabla ya Adamu. Baridi ya Julai hapa inatokana na upande wetu wa kusini kuwa umeinama kuelekea mbali na jua, pepo kavu za kusini mashariki, na ile mbingu safi ya usiku niliyoieleza mwanzoni.

Ujumbe wowote wa namna hii uulize maswali ya mkaguzi: tarakimu hii ni ya wapi, ya muda gani, na inalinganishwa na nini. Ukikosa moja, usiusambaze. Na kumbuka mwezi mmoja wa baridi Dodoma haukanushi chochote, kama vile Novemba moja ya joto kali isivyothibitisha chochote.

TMA wakikosea utabiri wa kesho, nitaaminije wa mwaka 2050?

Nikikuuliza kama Alhamisi ya wiki ya tatu ya Januari itanyesha hapa Dodoma, hujui. Nikikuuliza kama Julai itanyesha, utacheka. Umetabiri miezi kadhaa mbele kwa uhakika kuliko siku moja, kwa sababu unaijua sababu ya msimu. Utabiri wa tabianchi uko hivyo: hausemi siku, unasema tabia.

Kuhusu Mamlaka ya Hali ya Hewa yenyewe, watu wengi husoma vibaya taarifa ya msimu. Wakisema "wastani hadi chini ya wastani" wanatoa uwezekano, hawaapi. Mwaka mmoja ukienda kinyume haimaanishi wamedanganya. Fuatilia kumi.

Sisi Tanzania tunachangia kiasi gani?

Chini ya asilimia 1 ya gesijoto zote za dunia. Kwa hewa ukaa ya mafuta, makaa ya mawe na gesi, Mtanzania wa kawaida hutoa chini ya nusu tani kwa mwaka. Wastani wa dunia unakaribia tani 5, Mmarekani karibu 14. China sasa ndiyo inayotoa nyingi zaidi kwa mwaka, lakini ukijumlisha tangu mwanzo, Marekani inaongoza, na anga inahesabu jumla. Hasira juu ya hilo ni halali. Sehemu kubwa ya gesijoto zetu wenyewe hutokana na kufyeka misitu na mifugo.

Kwa hiyo mkaa niache?

Mkaa wa mti ulioachwa uchipue tena ni mkopo unaolipwa. Mkaa wa msitu uliogeuzwa shamba moja kwa moja ni deni. Serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na moshi wa jikoni kwenye mapafu ya mama ni sababu tosha hata bila tabianchi. Bei ya mtungi ndiyo inayoamua, tusiwahubirie watu.

Kuhusu miti: kabla ya kununua miche, angalia visiki. Mbinu ya kisiki hai iliyoenea vijijini Dodoma ni kuchagua machipukizi machache ya kisiki kilichopo, kupogoa mengine, na kuyalinda na mbuzi. Mizizi tayari iko chini, haikuombi umwagilie Septemba. Nimeona miche mingi ya kampeni ikifa kabla ya picha zake kusahaulika.

Ni adhabu ya Mungu?

Darasani tuna shehe na katekista, na wote wawili wameniomba nisilijibu. Sayansi inaeleza joto linanaswa vipi. Swali la nani anaadhibiwa, na kwa lipi, wapelekee wao.

Tumeshachelewa?

Kwa baadhi ya mambo, ndiyo: barafu ya Kilimanjaro iliyopimwa mwaka 1912 imebaki sehemu ndogo. Kwa mengine hakuna saa inayogonga. Joto linafuata jumla ya hewa ukaa iliyotolewa, kwa hiyo kila tani isiyotolewa inapunguza kitu, na kutoa kukikaribia sifuri, ongezeko la joto nalo husimama, kwa kadiri wataalamu wanavyoelewa.

Nikitaka kuanza kujifunza kwa vitendo, nianzie wapi?

Pima mvua nyumbani kwako. Tafuta kopo la ukuta ulionyooka, upana wa juu sawa na wa chini. Lifunge kwenye nguzo mahali pa wazi, mbali na mti na paa. Kila siku saa tatu asubuhi chomeka rula ndani, andika milimita, mwaga. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Paa la bati la mita za mraba 40 kwa msimu wa milimita 550 linapokea lita 22,000, na ukiona tarakimu hiyo utaanza kuliangalia tangi lako kwa jicho jingine.

Baada ya misimu mitatu utakuwa na hali ya hewa ya uani kwako. Tabianchi itabidi umrithishe mjukuu daftari. Na siku isiyo na mvua usiache nafasi wazi. Andika 0, ili atakayelisoma ajue haikunyesha, siyo kwamba ulisahau.